Radhi ya Mtani

Sauti ya marehemu Kibwana Shomvi ilianza kutembea mjini Nyalugongo mara tu baada ya mwenyewe kuzikwa, na ilikuwa ikiungama. "Chumvi visimani nimeimwaga mimi Kibwana kwa mkono wangu," ilisema kwa lafudhi ya pwani, ile ya madaha, yenye kuvutavuta mwisho wa maneno, "ili nyote mje kunywa kwangu mkiwa mmepiga magoti." Ilikatikia hapo. Kisha ilianza upya katika sikio la jirani.

Enesia Ngogo aliisikia akiwa anamenya viazi, kisu kikamponyoka. Maneno yenyewe hayakumshtua, maana uvumi wa chumvi alikuwa akipambana nao kazini miaka nenda rudi. Kilichomshtua ni kwamba aliitambua ile sauti, na haikuwa ya Kibwana hata kidogo. Ilikuwa ya mjomba wake, Gaudensi Mtega, muuza miche ya parachichi, mzee asiye na haya wala breki mdomoni. Juzi tu, matangani kwa Kibwana, mjomba alikuwa ameivaa kofia ya marehemu, akajifunga shuka kiunoni, akapita katikati ya wafiwa akimwigiza marehemu kuanzia mwendo hadi kikohozi. Alifanya wanavyofanya watani popote penye msiba: kumtukana maiti, kumsingizia hili na lile, kumkamata kuku wa mfiwa bila ruhusa, mpaka waliokuwa wakilia wacheke bila kupenda. Enesia alikuwapo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mjane mwenyewe, Bi Mwanakombo, alimrushia mjomba kandambili na kumwita mzee mchafu asiye na kwao.

Sasa mtu fulani aliyekuwa pale matangani alikuwa amerekodi sauti hiyo, akakata vicheko vyote, akabakiza maneno peke yake.

Enesia aliacha viazi kwenye maji, akavaa koti na kutoka. Nje baridi ilikuwa kali na ukungu haujapanda. Barabarani watu walikuwa wamesimama wawili wawili, vidole masikioni, wakisikiliza vipuli vyao, vile vidude vya sikioni vilivyowaletea habari na sauti za wenzao. Aliwapita akijua kabisa wanachokisikia, na alipowasalimu waliitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kusikiliza.

Watu wa pwani walikuwa wamepanda nyanda za juu tangu bahari ilipoimeza miji yao. Walikuja na magodoro na masufuria, wakapewa bonde lenye unyevu nyuma ya mji, na wenyeji wakalibandika jina la Bandari Kavu. Wao wenyewe wakaitwa Wachumvi. Maji ya visima vya mji yalipoanza kukolea chumvi, wataalamu walieleza kwamba pampu zimemaliza maji ya juu na sasa zinanyonya yale ya kina kirefu, ya kale, yaliyolala juu ya mwamba wenye chumvi. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakumwingia mtu. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba watu waliotoka baharini wamekuja na bahari yao.

Na kama vile mambo hayajawa magumu vya kutosha, kisima pekee kilichobaki na maji matamu kilikuwa cha Kibwana, huko Bandari Kavu, alichokichimba kwa mikono ubavuni mwa mlima, mahali ambapo maji ya mvua hupita kabla hayajafika chini. Wenyeji waliyanywa maji hayo kila siku. Waliyanywa wakiuliza kwa nini ya kwake tu ndiyo matamu. Sasa Kibwana amekufa, na kisima kimebaki mikononi mwa mwanawe wa pekee, Mahadhi. Yeyote aliyeiamini sauti ile angemwendea Mahadhi.

* * *

Kituo cha Habari Safi kilikuwa juu ya kilima, na ndani yake ndimo mlimokuwa na Chekeche. Mtambo huo ulisikiliza kila kilichopita kutoka kipuli hadi kipuli: habari, bei za mahindi, salamu, umbea. Ulipepeta uongo kutoka kwenye kweli, na uongo wowote ulioanza kushika kasi uliutungia jibu, likapelekwa masikioni mwa watu. Lakini jibu halikutolewa ovyo. Lilijaribiwa kwanza katika Mji Kivuli.

Mji Kivuli ulichukua ukuta mzima. Ilikuwa Nyalugongo yote, nyumba kwa nyumba, na ndani ya kila nyumba vivuli vya wenyewe. Kila kivuli kilifumwa kwa yale ambayo mwenyewe aliwahi kuyasikia, akayaamini, akayapeleka kwa mwingine. Ukitaka kujua watu watafanya nini wakiambiwa jambo fulani, unaviambia vivuli kwanza, unakaa kando na kutazama. Kivuli kinachotulia hugeuka kijani. Kinachochemka huwa chekundu.

Mkuu wa Kituo, Perpetua Haule, alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya ukuta huo na kitenge mabegani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyechoka kwa namna ya mtu aliyezima mioto mingi huku mingine ikiwashwa nyuma yake. Enesia alimweleza kila kitu: msiba, kofia, mjomba, vicheko. Mkuu hakumhoji. Alimwagiza tu kulijaribu jibu hilo hilo, kama lilivyo.

Basi wakaviambia vivuli ukweli: kwamba sauti ni ya Gaudensi Mtega, mwenyeji, akifanya utani kwenye msiba wa rafiki yake. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha wekundu ulianza sokoni ukasambaa kila upande, na walipofungulia sauti waliwasikia watu wasiokuwapo wakiulizana: tangu lini tuna utani na Wachumvi? Tulipigana nao lini?

Kwa kanuni za utani, vivuli havikukosea. Watani ni watu ambao mababu zao walipigana na kuibiana ng'ombe, kisha wakachoka, wakaona bora watukanane kuliko kuuana. Watu wa pwani hawakuwa wamepata nafasi ya kupigana na mtu huku juu. Utani wa Gaudensi na Kibwana ulizuka wenyewe tu, siku Kibwana alipomchimbia mtaro wa maji shambani, Gaudensi akaonja na kusema yananuka samaki, naye Kibwana akamjibu kwamba kinachonuka ni masharubu yake. Tangu hapo walitukanana kila walipokutana. Wengine wa Bandari Kavu wakaanza kuiga, na wenyeji wachache, wale wa jirani na bonde, wakaanza kuwajibu. Ulikuwa utani mchanga, haujaota hata meno, na hakuna kivuli hata kimoja ukutani kilichoujua.

Enesia alielewa sababu. Ni yeye aliyelielekeza Chekeche litupe nje kila tusi dhidi ya watu wa pwani, lisipite popote, lisimfikie mtu. Chekeche lilitii. Lilitupa matusi ya chuki na matusi ya mapenzi kwa pamoja, maana kwa mtambo tusi ni tusi. Ndiyo sababu kitu pekee kilichokuwa kikiota kati ya wenyeji na wageni hakikuwahi kusikika nje ya lile bonde, na waliokifyeka ni watetezi wa wageni wenyewe.

Ukutani, vivuli vyekundu vilikuwa vinateremka kuelekea Bandari Kavu. Vilikizunguka kisima. Kulikuwa na kivuli kimoja kijani katikati yao, na baadaye hakikuwapo tena. Haule alizima ukuta.

"Jaribu na hili," alisema, akaandika mwenyewe: sauti hiyo imetengenezwa na mashine, na watu wa nje wasiotutakia mema.

Mji mzima ukawa kijani. Vivuli viliguna, vikatukana watu wa nje, vikarudi kwenye shughuli zao. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu.

Juu ya mlango wa Kituo kulikuwa na maneno ambayo Enesia aliyapigania miaka ile Chekeche lilipowashwa mara ya kwanza, akabishana na wakubwa hadi wakakubali: Chekeche halisemi uongo. Lingeweza kuchagua la kusema na la kunyamazia, lakini kulibuni lisilokuwapo, hapana. Alijivunia sheria hiyo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukifanya, na sasa ilikuwa imemkaa kooni.

"Enesia," alisema Haule, "kuna mtoto wa mtu pale kisimani."

"Kuna Mahadhi, na kuna Bandari Kavu nzima, mkuu. Siku ikijulikana tulidanganya ili kuwatetea, na itajulikana, kila tulilowahi kusema juu yao litaonekana uongo. Hata lile la maji ya mwambani. Hatutakuwa tena na neno la kuwakingia."

Haule hakupinga, maana aliyoyasikia yalikuwa kweli kama vile aliyoyasema yeye yalivyokuwa kweli. Alimwambia atafute jibu lisilo la uongo litakalotuliza mji. Asipolipata kufikia jioni, yeye kama mkuu angelipeleka la mashine na lawama angezibeba mwenyewe.

Enesia alikaa na Chekeche asubuhi nzima. Lilijaribu maneno ya shehe, ya mchungaji, ya mtaalamu wa maji, ya Bi Mwanakombo akilia. Yote yalirudi mekundu. Mwishowe Chekeche lilileta pendekezo lake lenyewe: Gaudensi Mtega ajitokeze kwa sauti yake, akiri kwamba alisema uongo juu ya marehemu, awaombe radhi wafiwa na mji. Vivuli vilisikiliza. Vikawa kijani, taratibu, nyumba baada ya nyumba, hadi Bandari Kavu.

Enesia alifumba macho akashukuru. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa inafanya kazi.

* * *

Kabla ya kwenda kwa mjomba alipitia kisimani. Foleni iliyozoeleka haikuwapo. Mahadhi alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima akifunga kamba upya kwenye ndoo, kijana mrefu mwenye sauti nzito ya baba yake. Alikuwa amezaliwa huku huku Nyalugongo na hakuwahi kuiona bahari, lakini kwa wenyeji hilo halikumtoa kwenye Uchumvi.

Hakuwa na haja ya kuelezwa. Alisema asubuhi ile wanawake wawili waliomjua tangu utotoni walifika na madumu, wakamwona, wakageuka na madumu matupu. Enesia alimweleza kilichoonekana ukutani, na majibu mawili yaliyokuwa mezani. Aliona ni haki yake kujua.

Mahadhi aliendelea kufunga kamba. "Hilo la mashine linatuliza?"

"Linatuliza. Lakini ni uongo, Mahadhi."

"Dada Enesia, wanasema baba yangu alileta bahari kwenye ndoo. Uongo upo tayari, mmoja zaidi utaharibu nini?" Aliinua uso. "Wewe unautaka ukweli kwa ajili ya miaka ijayo, sikulaumu. Mimi naitaka wiki ijayo."

Enesia alimwambia kwamba jibu la pili, la radhi ya mjomba, nalo linatuliza, mji mzima ulikuwa kijani, na lina faida kwamba halitawarudia. Alimweleza kwa uchangamfu, kama mtu anayeuza kitu kizuri. Mahadhi alisikiliza, akauliza kama mzee Gaudensi amekubali. Enesia akasema atakubali. Kijana akatikisa kichwa, wala si kwa kukataa, akashusha ndoo.

* * *

Mjomba Gaudensi alikuwa bustanini akimwagilia miche. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Enesia alimkuta hana neno la kuchokoza. Mzee huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alimsomesha kwa miche hiyo hiyo, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu msamaha kwa jambo lolote lililomtoka mdomoni. Alimsogezea kigoda, wakakaa.

Alimsikiliza mpwa wake hadi mwisho. Kisha akasema hapana.

Enesia alidhani ni kiburi. Alimkumbusha kwamba Kibwana alikuwa rafiki yake, kwamba Mahadhi amecheza mapajani mwake. Mjomba alikuwa akinyoosha mche mmoja uliolala, akiushindilia udongo kwa kidole gumba, na alipojibu alijibu polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Mama, mtani haombi radhi. Siyo kwamba hataki. Hakuna kitu cha kuombea radhi, kwa sababu hakusema kitu. Nikisimama mbele ya watu nikasema nisameheni, nimewaambia kwamba pale matangani nilikuwa nasema kweli yangu. Nitakuwa nimemtukana Kibwana kwa mara ya kwanza."

"Mjomba, vivuli vyote vimekubali. Tumejaribu."

"Hivyo vivuli vyako vimewahi kwenda msibani?"

Enesia alijua mjomba anasema jambo la maana. Alilijua kwa damu, alilelewa ndani yake, aliwahi kuwaona watu wakikorofishana miaka kwa sababu mtani mmoja alifanya kosa la kusema pole. Lakini alikuwa pia ameuona ule ukuta, na ukuta ulikuwa haujawahi kukosea jambo kubwa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na jioni inayokuja na uongo wa Haule. Na nyuma ya yote hayo, tuseme tu ukweli, kulikuwa na maneno yake juu ya mlango. Akachagua kumwona mjomba kama mzee anayeshikilia mambo ya zamani.

Alimbembeleza. Mjomba alipoendelea kukataa, alimwambia kwamba Mahadhi akidhurika, watu watajua ni mdomo wa nani uliomponza. Ilikuwa kauli mbaya na aliijua ni mbaya wakati anaitamka.

Mzee aliweka chini kopo la maji. Alinawa mikono, akafuta, akauliza aseme nini hasa.

* * *

Radhi ya Gaudensi Mtega ilifika katika masikio yote ya Nyalugongo kabla jua halijazama. Ilikuwa fupi na haikupambwa. Alisema yeye ni mwenyeji, ile sauti ni yake, aliyosema juu ya marehemu yalikuwa uongo, na anaomba radhi kwa mjane, kwa mtoto na kwa mji wote. Sauti ilitetemeka katikati. Chekeche lilipima mtetemeko huo likaona unaongeza imani.

Ukutani, ambako sasa vivuli vilifuata yaliyopita katika vipuli vya wenyewe, mji ulichemka kidogo, wekundu hapa na pale, kisha ukaanza kupoa nyumba moja moja. Kufikia asubuhi ukuta ulikuwa kijani. Haule alimshika Enesia bega bila kusema kitu, na kwa Haule hiyo ilikuwa hotuba. Enesia alimpigia Mahadhi. Alimwambia mji umetulia, hakuna anayelizungumza tena, aendelee na kazi zake. Mahadhi alisema kisima kilikuwa kinahitaji kusafishwa kabla ya mvua na kwa kuwa foleni haipo, angeshuka siku hiyo. Alimshukuru. Alisema, "Nilikuwa na wasiwasi bure, dada."

Mchana Haule alimwita Enesia ukutani. Alitaka kujua kwa nini hakuna mtu aliyeuliza bei ya mahindi.

Walitazama vizuri. Hakuna aliyeuliza bei. Hakuna aliyemsalimu ndugu yake wa mbali, hakuna aliyesikiliza mahubiri, hakuna aliyesengenya. Mji wote ulikuwa kijani kwa sababu mji wote ulikuwa kimya, na Chekeche, ambalo halikuwa na masikio mengine, liliuhesabu ukimya huo kuwa ni utulivu. Watu walikuwa wamevua vipuli. Walikuwa wameviacha madirishani, kabatini, chini ya mito, wakatoka nyumbani na masikio matupu ili wazungumze.

Enesia alikodi pikipiki. Njiani, kabla hata ya kufika bondeni, alikutana nao wakirudi, wanaume na wanawake, wengi akiwafahamu kwa majina. Walikuwa na udongo mikononi na kwenye nguo. Walimsalimu kama kawaida. Mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwamo, akamuuliza habari za kazi.

Yaliyosemwa usiku ule, masikio yakiwa matupu, aliyakusanya baadaye kidogo kidogo, na hakuna lililomshangaza. Watu walisema mtani haombi radhi. Walisema Gaudensi siyo mtoto, anaijua mila. Kama kaomba radhi, basi hakuwa anatania, alikuwa anatoa siri aliyoambiwa na rafiki yake. Wakasema Kituo ndicho kilichomlazimisha aifute, maana mpwa wake si yuko kule? Sauti ya kwanza waliisikiliza kwa mashaka. Ile ya pili, ya kweli, ndiyo iliyowathibitishia.

Walikuwa wamekwenda kukifukia kisima. Hilo walilisema wote, na yawezekana wengi wao walikusudia hilo tu. Walikuta kamba imening'inia, wakaikata, wakaanza kutupa mawe. Wengine waliapa kwamba waliita kwanza na hakuna aliyeitika. Wengine, wachache, walikiri kwamba waliisikia sauti ikitoka chini, nzito, yenye lafudhi ile, na wakadhani ni ya marehemu. Walipoisikia walitupa mawe kwa haraka zaidi.

Enesia alipofika, watu wa Bandari Kavu walikuwa wanayatoa mawe kwa mikono. Aliungana nao. Alitoa mawe mpaka kucha zikang'oka, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemwambia neno. Kila jiwe alilolinyanyua alijua ni la kwake. Walipomfikia Mahadhi hakuwa na uhai, na Bi Mwanakombo, aliyekuwa amesimama pale muda wote, alivua khanga yake ya juu akaishusha ili wamfunikie huko huko chini kabla ya kumpandisha.

* * *

Chekeche lilitoa taarifa yake kama kawaida. Uvumi wa chumvi katika mji wa Nyalugongo umekoma, ilisema. Hali: kijani. Haule aliisoma, akaifunga, akaenda kuyang'oa maneno juu ya mlango kwa bisibisi. Hakusema kama ni kwa hasira au kwa aibu. Enesia alimtazama akifanya hivyo na hakujisikia kumzuia. Sheria yake ilikuwa imetimizwa neno kwa neno. Hakuna uongo uliosemwa. Alitamani sana uwe umesemwa.

Bandari Kavu walikuwa wanafunga mizigo. Nani angebaki, na maji hakuna? Magodoro yalikuwa yameviringishwa na masufuria yamepangwa nje, katikati ya matanga, kwa hiyo waliokuja kuhani walikaa juu ya mizigo ya wenyewe. Walikuja wenyeji wachache, wale wa jirani na bonde. Walikaa pembeni wakiangalia chini.

Mjomba Gaudensi alikuja kwa miguu. Enesia alitembea nyuma yake, maana mzee hakutaka kuongozana naye. Tangu siku ile hakuwa amemlaumu hata mara moja, alimwitikia tu alipomsalimu, na Enesia angelipa chochote ili amtukane. Mzee aliingia uani. Watu wakageuka kumtazama, wakisubiri. Alikuwa mtani. Kazi yake ilikuwa kuanza: kudai kuku, kuvaa kitu cha marehemu, kumsimanga mjane kwamba analia kwa sauti mbaya. Alifungua mdomo. Enesia alimwona akihangaika, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta jina la mtu anayemjua vizuri. Hakikutoka kitu.

Bi Mwanakombo aliinuka mkekani. Enesia aliomba kimoyomoyo kwamba atamrushia kandambili. Kwamba atamwita muuaji, mshenzi, mzee mchafu asiye na kwao, neno lolote zito ambalo mjomba angeweza kulidaka na kulirudisha.

Mjane alijifunika mtandio vizuri kichwani, akamsogelea na kuinama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee Mtega," alisema. "Karibu. Ahsante kwa kuja kutuhani."

Mjomba alimwangalia. Macho yalikuwa yamejaa. "Nitukane, Mwanakombo," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Nitukane hata kidogo."

"Hapana, mzee wangu," alijibu Bi Mwanakombo, kwa upole kabisa, bila kinyongo chochote usoni. "Mgeni hatukanwi."

Akaagiza aletewe kiti, kwa sababu wageni hawakalishwi chini. Kililetwa kimoja kutoka kwenye mizigo, kikafutwa vumbi, kikawekwa mbele. Mjomba alikikalia, mgongo wima, mikono magotini, na hakuna mtu aliyemsemesha mpaka watu walipoanza kutawanyika.